Gololi ya Iwata Iliyosahauliwa

Kila ifikapo Julai 11, wapenzi wa michezo ya kompyuta humkumbuka Satoru Iwata, rais wa Nintendo aliyefariki mwaka 2015 akiwa na miaka 55, na mara nyingi kinachotajwa ni Golf, mchezo aliouandikia programu. Mwaka 2017 iligundulika kwamba mchezo huo ulifichwa ndani ya mashine ya Switch, ukifunguka siku hiyo tu, kwa ishara ya mikono aliyozoea kuitoa. Ni heshima nzuri, ila imeufunika mchezo wake mwingine wa 1984 ambao, kwa maoni yangu, unamweleza fundi huyu vizuri zaidi: Pinball, yaani pinboli, mchezo wa kurusha gololi juu ya meza.

Kwenye gofu mchezaji hupima, hupiga, kisha hungoja. Gololi ya pinboli haimngoji mtu: muda wote programu lazima ijue gololi iko wapi, imegonga nini na iruke upande gani. Famicom, mashine ya Nintendo ya wakati huo, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 2, na kichakataji chake, cha ukoo wa 6502, hakikuwa na amri ya kuzidisha. Iwata, wakati huo akiwa kampuni ya HAL Laboratory, aliujua ukoo huo tangu enzi za kompyuta ya Commodore PET. Meza ya Pinball iligawanywa kwenye skrini mbili. Gololi ikivuka mpaka, picha nzima hubadilika. Kukaongezwa chumba cha pembeni ambamo Mario hubeba ubao wa kudundishia gololi, na mwanamke aitwaye Pauline akiporomoka, humdaka. Meza gani ya mbao ingeweza hayo?

Wapo wanaosema pinboli bila meza si pinboli, na hoja yao ina uzito: mchezaji wa kweli huitikisa meza kidogo, na televisheni haitikisiki. Lakini tazama New York: ilipiga marufuku mashine za pinboli mwaka 1942 kwa kuziona ni kamari, hadi mwaka 1976 mchezaji wa pinboli Roger Sharpe alipocheza mbele ya madiwani. Alitaja mapema njia ambayo gololi ingepita, akavuta springi, ikapita hapohapo. (Baadaye alikiri kwamba bahati nayo ilichangia.) Kilichowalainisha madiwani hakikuwa kutikisa. Ni kuona kwamba anayeijua mashine anaweza kuibashiri gololi. Sifa hiyo Iwata aliihifadhi.

Nintendo iliurudisha mchezo wa Pinball kwenye mashine ya Wii mwaka 2006, bila shamrashamra. Hauna orodha ya waliouunda, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, kwa hiyo anayeucheza leo hakutani na jina la Iwata popote ndani yake.