Kutoka Kamembe hadi Granada: Historia ya Mji Ambao Mtoto Wetu Anakwenda Kusoma



Ndugu wazazi na wanafunzi, hivi karibuni mzazi mmoja wa hapa Kamembe alitungoja nje ya msikiti baada ya swala ya Isha. Mwanawe alisoma kwetu madrasa tangu alifu na be, na sasa yuko chuo kikuu Huye. Amepata nafasi ya kusoma mwaka mmoja Hispania, katika mji wa Granada. Tulidhani tutampa hongera, lakini tuliona hofu usoni mwake. Akasema: "Mwalimu, huko hakuna hata Muislamu mmoja. Mtoto atarudi akiwa nani?"

Tulimuomba siku chache, maana swali kama hilo halijibiwi kwa haraka. Haya ndiyo tuliyomweleza, na tumeona ni vizuri familia zote ziyasome.

Granada ni mji gani?

Waislamu waliingia Hispania mwaka 711. Nchi waliyoitawala iliitwa Al-Andalus, na mji wake mkubwa wa elimu ulikuwa Cordoba. Cordoba ilipochukuliwa na wafalme wa Kikristo mwaka 1236, na Sevilla mwaka 1248, Granada ndiyo iliyobaki. Watawala wake walikuwa ukoo wa Banu Nasr. Wao ndio waliojenga jumba la Alhambra, ambalo kuta zake zimejaa maandishi ya Kiarabu. Kaulimbiu yao imeandikwa humo tena na tena: hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu.

Mwaka 1349 Sultani Yusuf wa Kwanza alifungua madrasa kubwa katikati ya mji, mbele ya msikiti mkuu. Wanafunzi walisoma hapo dini, sheria na elimu nyinginezo. Jengo hilo bado lipo, na leo ni mali ya Chuo Kikuu cha Granada. Chumba cha kuswalia na mihrabu yake vimehifadhiwa. Kwa hiyo kijana wetu akienda chuoni atapita mbele ya madrasa iliyotangulia ya kwetu kwa miaka mingi sana.

Aliyeiona Kilwa na Granada

Wengi tunalijua jina la Ibn Battuta wa Tangier. Mwaka 1331 alifika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Alipita Mogadishu, akalala Mombasa, kisha akafika Kilwa. Alieleza misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na watu wa Mombasa waliokuwa wakiosha miguu kabla ya kuingia msikitini. Alimsifu sultani wa Kilwa kwa ukarimu wake.

Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba karibu miaka ishirini baadaye, mnamo 1350, mtu huyo huyo aliingia Granada. Hakumuona sultani kwa sababu alikuwa mgonjwa, lakini mama wa sultani alimpelekea zawadi ya dinari za dhahabu. Huko alikutana na kijana aliyeitwa Ibn Juzayy, mzaliwa wa Granada na mtoto wa mwanachuoni mkubwa. Baadaye wawili hao walikutana tena mjini Fez, Moroko. Ibn Battuta akasimulia, Ibn Juzayy akaandika, na kitabu kikakamilika karibu na mwaka 1355.

Ndugu zangu, tafakarini hapo. Habari zetu za Mombasa na Kilwa za wakati ule zimetufikia kwa kalamu ya kijana wa Granada. Sasa kijana wa Kamembe anakwenda kusoma katika mji huo. Je, tuseme anakwenda ugenini kabisa?

Mlango ulipofungwa

Tusiisome historia hii kwa kujisifu tu. Al-Andalus haikuanguka kwa nguvu za maadui peke yake. Waislamu waligawanyika wakapigana wao kwa wao. Mtawala wa kwanza wa Banu Nasr alimsaidia mfalme wa Castilla kuichukua Sevilla, mji wa Waislamu wenzake, na Granada ikawa ikilipa kodi kwa Castilla.

Tarehe 2 Januari 1492 mji ulisalimishwa. Mkataba uliahidi kwamba Waislamu wataachiwa dini yao na misikiti yao. Ahadi haikudumu hata miaka kumi. Kuanzia mwaka 1499 watu walibatizwa kwa lazima, na vitabu vya Kiarabu vikachomwa moto hadharani. Vya utabibu viliachwa kwa sababu vilikuwa na faida. Mwaka 1500 madrasa ya Yusuf ilifungwa, jengo likafanywa baraza la mji. Chuo Kikuu kilianzishwa mwaka 1531. Kati ya mwaka 1609 na 1614 waliobaki na asili ya Kiislamu, karibu watu laki tatu, walifukuzwa Hispania yote.

Na sisi huku Rwanda

Kwa nini hofu ya mzazi yule tunaielewa? Kwa sababu wazee wetu waliijua. Wakati wa Wabelgiji shule nyingi za Rwanda zilikuwa mikononi mwa misheni. Mzazi wa Kiislamu alijiuliza: nikimpeleka mtoto, atabatizwa? Wengi waliwabakisha watoto nyumbani. Imani ilihifadhika, Alhamdulillah, lakini elimu tuliikosa kwa vizazi. Tulikuwa na wafanyabiashara, madereva na mafundi, ila daktari na mwanasheria walikuwa wa kuhesabika. Hatuwalaumu wazee, walichagua kati ya mambo mawili mazito. Lakini sisi wa leo hatulazimiki kuchagua hivyo.

Lugha si ngeni

Kijana mwenyewe anaogopa Kihispania. Tulimwambia asiogope, kwa sababu Kiarabu kimepita kote kuwili. Sisi tunasema hata, wao husema hasta. Sisi fulani, wao fulano. Sisi sukari, wao azúcar. Kadhi wetu kwao ni alcalde, ingawa siku hizi ni meya. Hata wanaposema ojalá, kwa maana ya laiti au natumaini, asili yake ni kumtaja Allah.

Tulimjibu nini mzazi?

Kwanza, si kweli kwamba huko hakuna Waislamu. Mwaka 2003 ulifunguliwa msikiti mkuu mpya katika mtaa wa zamani wa Albaicín, juu ya kilima kinachotazamana na Alhambra. Adhana inasikika tena. Kijana autafute wiki ya kwanza, asingoje mpaka upweke umshike.

Pili, ajiandae. Nyama ya nguruwe na pombe ni vitu vya kawaida mezani huko, basi aulize kabla ya kula bila kuona haya. Mchana wa Juni unakaribia saa kumi na tano, si kumi na mbili kama hapa kwetu, na Ramadhani ikiangukia majira hayo saumu ni ndefu.

Tatu, wazazi wasimuache. Simu ya kila wiki isiwe ya kuuliza pesa na baridi tu. Muulizeni swala zake na marafiki zake.

Nne, arudi na kitu. Tumemuomba akirudi awasimulie wanafunzi wa madrasa alichokiona, mazuri na machungu.

Mzazi alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kama huko kuna theluji. Tukamwambia ndiyo, milima ya jirani huwa nyeupe wakati wa baridi. Akasema: "Basi nitamnunulia koti." Tukajua amekubali.

Tumuombe Allah amhifadhi kijana wetu na watoto wote walio safarini kwa ajili ya elimu, na awarudishe kwetu salama na imani yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.