Mzio Mkali: Jinsi Kinga ya Mwili Inavyogeuka Kuwa Hatari

Mzio mkali, unaofahamika kitaalamu kama anafilaksia, ni hali ya dharura inayotokea pale kinga ya mwili inapoitikia kwa nguvu kupita kiasi kitu ambacho kwa watu wengi hakina madhara, kama vile karanga, maziwa au dawa ya penisilini. Hali hii huanza ghafla, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa mbili, na inaweza kusababisha kifo iwapo mgonjwa hatapatiwa tiba mapema.

Uelewa wa kisayansi wa tatizo hili ulianza mwaka 1901, wakati wanasayansi wa Ufaransa, Paul Portier na Charles Richet, walipochunguza sumu ya kiumbe wa baharini anayefanana na konyeza wakiwa safarini katika meli ya Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco. Waliporejea Paris, waliendelea na utafiti huo kwa mbwa, wakitumia sumu ya anemoni wa baharini. Walitarajia kuwa dozi ya kwanza ingemjengea mbwa ustahimilivu. Matokeo yakawa kinyume: mbwa aliyeipokea dozi ya kwanza bila kudhurika alikufa chini ya nusu saa alipodungwa tena wiki kadhaa baadaye. Hali hiyo waliiita anafilaksia, yaani kinyume cha kinga, na mwaka 1913 Richet alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Mwaka 1921, Carl Prausnitz wa Ujerumani alijidunga kwenye ngozi majimaji ya damu ya mwenzake, Heinz Küstner, aliyekuwa na mzio wa samaki. Siku iliyofuata alidunga mahali hapo kiasi kidogo cha kimiminika kilichotokana na samaki, na ngozi ikavimba. Jaribio hilo lilithibitisha kuwa mzio hubebwa na kitu kilichomo katika damu. Katika miaka ya 1966 na 1967, Kimishige na Teruko Ishizaka nchini Marekani, pamoja na Gunnar Johansson na Hans Bennich nchini Uswidi, walikitambua kitu hicho kuwa ni kingamwili, ambayo mwaka 1968 ilipewa jina la IgE.

Kingamwili hizo hutengenezwa mwili unapokutana na kitu kwa mara ya kwanza na kukichukulia kama adui. Hujishikiza kwenye seli za masti, ambazo zipo kwa wingi katika ngozi, njia ya hewa na utumbo. Kitu hicho kinapoingia tena mwilini, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine kwa wakati mmoja. Mishipa ya damu hutanuka na kuvuja, shinikizo la damu hushuka, koo huvimba na njia za hewa hubana. Ndiyo maana mtu aliyewahi kula chakula au kutumia dawa bila tatizo anaweza kudhurika safari nyingine.

Visababishi vikuu ni vyakula, dawa na sumu ya wadudu. Kwa upande wa vyakula, vinavyohusishwa zaidi ni karanga, korosho na jamii zake, maziwa, mayai, samaki, kamba, kaa, ngano, soya na ufuta. Dawa ni pamoja na baadhi ya viuavijasumu, dawa za maumivu na zile zinazotumika wakati wa upasuaji. Wadudu ni hasa nyuki na nyigu. Mpira wa asili, kama ule wa glavu, nao ni kisababishi. Aidha, mwaka 2009 watafiti walieleza mzio wa nyama nyekundu unaotokana na kuumwa na kupe, ambao dalili zake huweza kuchelewa kwa saa kadhaa baada ya mlo.

Dalili za kuzingatia ni vipele vya kuwasha, kuvimba midomo au ulimi, sauti kukauka, kifua kubana, kutapika, kizunguzungu na kupoteza fahamu. Si lazima vipele vionekane. Kupumua kwa shida au kuzirai ghafla baada ya kudungwa sindano au kuumwa na nyuki kunatosha kuichukulia hali hiyo kuwa ya dharura.

Tiba ya kwanza ni sindano ya adrenalini, inayodungwa kwenye msuli wa paja kwa upande wa nje. Dawa hii hubana mishipa iliyotanuka, hufungua njia za hewa na huweza kurudiwa baada ya dakika 5 ikiwa hakuna nafuu. Vidonge vya kutuliza muwasho haviwezi kuchukua nafasi yake, kwani havipandishi shinikizo la damu wala kufungua koo. Wakati msaada ukisubiriwa, mgonjwa alazwe chali na miguu iinuliwe. Anayepumua kwa shida aachwe akae, na asisimamishwe ghafla.

Mgonjwa aliyepata nafuu anapaswa kubaki chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya, kwa kuwa dalili huweza kurejea saa kadhaa baadaye. Kila mwananchi aliyewahi kupatwa na hali hii anashauriwa kufanyiwa uchunguzi ili kisababishi kijulikane, na kumtajia mhudumu wa afya mzio alionao kabla ya kupokea dawa yoyote.