Adili na Nduguze: Kitabu cha Shaaban Robert Kinachoonewa

Wadau, mtaje Shaaban Robert kijiweni Geita au Shinyanga. Aliyepita shule atakutajia Kusadikika, ile nchi inayoelea angani. Akijitahidi ataongeza Kufikirika. Adili na Nduguze, kilichotoka 1952, kinaachiwa watoto: jini, manyani, mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Kinaonewa bwana.

Kwanza kinaanza kiofisi kabisa. Kodi ya Janibu haijafika kwa Mfalme Rai, anatumwa Ikibali kuifuata. Harufu hiyo ya karani si ya bure, mwandishi mwenyewe alikuwa mtu wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944. Usiku Ikibali anamchungulia Adili, mtawala wa Janibu, akichapa manyani wawili. Akimaliza anawalisha, huku analia. Kumbe manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu.

Baba yao alikufa, mali ikakatwa mafungu matatu. Wawili wakatapanya ya kwao, wakarudi mikono mitupu, Adili akawapokea. Wakasafiri pamoja, wakafika kwenye ule mji wa mawe uliojaa vito visivyo na mwenyewe. (Kwa msomaji wa Shinyanga ya 1952 hilo halikuwa jambo la ajabu sana, almasi ya Mwadui ilishagunduliwa tangu 1940.) Njiani kurudi wivu ukawapanda, wakamtosa baharini.

Pale Katoro au Nyarugusu kisa hiki hakihitaji jini. Ndugu wanashuka duara moja, wanakula ugali sahani moja, hawana neno. Siku mawe yakikubali, kwenye kugawana mifuko ndipo undugu unapoishia. Umaskini waliuvumilia pamoja miaka.

Mzizi wa hadithi uko Alfu Lela u Lela. Kule ndugu waligeuzwa mbwa, na walipofunguliwa walirudia wivu, wakamuua mwenzao. Shaaban Robert aliukataa mwisho huo. Wapo wanaosema aliutia sukari, ila soma tena zile kurasa za kiboko. Adili hachapi kwa kupenda, ameamriwa na jini Huria. Yeye ndiye aliyedhulumiwa, na yeye ndiye asiyelala. Adhabu ya ndugu zake imemfunga na yeye, kila usiku, mpaka Mfalme Rai anapoingilia kati kuwaombea msamaha.