Kupimwa afya kabla ya viza: namna mlango ulivyohama



Wengi wetu tuliohamia Marekani tulipitia kwanza kwa daktari aliyeteuliwa na ubalozi: picha ya kifua, damu, chanjo, halafu ile bahasha iliyofungwa, ukaambiwa usithubutu kuifungua. Mimi pia niliibeba. Suali lililonikaa tangu siku ile ni la historia: kwa nini tupimwe kwetu, si kule tunakokwenda?

Zamani ilikuwa kule kule. Sheria ya 1891 ilimzuia kuingia mwenye maradhi ya hatari ya kuambukiza, na Ellis Island ikafunguliwa 1892. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walitazamwa harakaharaka melini wakateremka zao. Wa daraja la tatu ndio waliopelekwa kisiwani. (Maradhi, inaelekea, yalijua bei ya tikiti.) Madaktari waliwatazama wakipanda ngazi na mizigo yao. Aliyetiliwa shaka aliandikwa chaki kwenye koti: H ya moyo, L ya kuchechemea, X ya akili. Wajanja waligeuza koti ndani nje. Kope nazo zilipinduliwa, mara nyingine kwa kikulabu cha kufungia vifungo vya viatu, kutafuta vikope, yaani trakoma. Ukionekana nayo, mara nyingi safari imekwisha.

Lakini tazameni nani alilipa. Kumrudisha aliyekataliwa kulikuwa juu ya kampuni ya meli, na kuanzia 1903 kampuni ilitozwa faini ya dola 100 kwa mgonjwa ambaye maradhi yake yangeweza kugunduliwa kabla ya safari. Basi kampuni zenyewe zikawa zinachuja abiria katika bandari za Ulaya.

Sheria ya 1924 ikaipa viza ya ubalozi uzito mpya, na 1925 madaktari wa serikali ya Marekani wakaanza kupelekwa Ulaya kupima huko huko. Mlango ukahama, na gharama ikahama nao. Leo mwombaji anamlipa daktari mwenyewe, na akikatwa hakuna kampuni inayotozwa hata senti.

Aibu nayo ilihamia mtaani. Mwaka 1987 Marekani iliingiza virusi vya UKIMWI katika orodha ya vizuizi. 1993 Bunge likaifanya sheria. Msamaha uliwezekana kwa wenye jamaa wa karibu kule, lakini aliyeshinda bahati nasibu ya viza na hana mtu, aombe kwa nani? Wa Ellis Island alikataliwa mbele ya wageni. Wa kwetu alikuwa keshaagwa, pengine keshauza kiwanja, na majirani wakaona haondoki. Hawakuhitaji kusoma bahasha. Hali hiyo ilidumu mpaka Januari 2010.

Uingereza nayo ilitangaza 2012 kuwa itaacha kuwapiga picha za kifua wageni pale Heathrow na Gatwick. Anayetoka Kenya au Tanzania kwenda kukaa zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu kabla hajaomba viza, kwa fedha zake.