Gari la Mama Ford

Kila jioni hapa Nairobi napitisha waya dirishani, nachomeka gari langu la umeme, kisha napapasa plagi nione kama imepata moto. Jirani huniuliza kama ugeni huu utadumu.

Ugeni? Clara Ford, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha gari la umeme la Detroit Electric la mwaka 1914, huku mumewe akimwaga magari ya petroli. Badala ya usukani wa duara alishika wenzo. Hakuhangaika kupiga hendeli ya kuwashia injini, kazi iliyovunja watu mikono. Lakini Cadillac ilikuwa imeshaweka stata ya umeme kwenye magari yake ya petroli mwaka 1912, na hendeli ikaanza kusahaulika. Hapo ndipo panaponiuma: betri ndogo ya kuwashia injini ilisaidia kuliua gari la betri.