Lacaune (kondoo)

Lacaune ni aina ya kondoo wa maziwa kutoka kusini mwa Ufaransa, iliyopewa jina la mji wa Lacaune katika eneo la Tarn. Maziwa yake ni meupe na mazito, yenye mafuta takriban asilimia 7 na protini asilimia 5 hadi 6, zaidi ya maziwa ya ng'ombe. Kwa hiyo lita moja hutoa jibini nyingi zaidi. Jibini ya Roquefort hutengenezwa kwa maziwa haya pekee, tena mabichi, hivyo usafi wa chuchu na vyombo na kuyapoza mara baada ya kukama ni lazima. Jibini hiyo hukomazwa katika mapango ya kijiji cha Roquefort-sur-Soulzon. Jina la Roquefort limelindwa kisheria tangu 1925.