Barabara ya Mateka

Kushuka Mai Mahiu kwa pikipiki nyuma ya trela iendayo Malaba kuna faida moja: huna haraka tena. Moshi unakupiga usoni, breki za trela zinanuka kuungua, na wewe umekaa gia ya pili ukingoja kona iishe. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza ni nani aliyethubutu kupitisha njia kwenye genge hili.

Wa kwanza walishindwa, au tuseme waliahirisha. Reli ya Uganda ilipofika ukingo wa Bonde la Ufa, karibu na Kijabe, wahandisi hawakutaka kusubiri madaraja yaishe kujengwa. Mwaka 1900 wakaweka reli ya muda yenye mwinamo mkali, wakawa wanateremsha mabehewa kwa kamba za chuma. Vyuma na mataruma vikafika bondeni, ujenzi ukaendelea kuelekea Ziwa Viktoria. Njia ya kudumu ilipokamilika mwaka 1901, kamba zikaachwa.

Lami hii ninayoikanyaga ina asili nyingine. Italia ilishindwa Ethiopia mwaka 1941, na maelfu ya askari wake wakaletwa Kenya kuwa mateka wa Waingereza. Mwaka 1942 baadhi yao walitiwa kazini hapa, wakichonga barabara ubavuni mwa mlima. Huko chini wakajenga pia kanisa dogo, dogo kweli, kando ya barabara. Harusi ya kwetu haiwezi kuingia humo hata nusu yake.

Mateka wanaotajwa vitabuni ni wengine. Anatajwa Duke wa Aosta, aliyefia Nairobi mwaka huohuo wa 1942 na kuzikwa Nyeri. Anatajwa Felice Benuzzi, ambaye mwaka 1943 alitoroka kambi ya Nanyuki na wenzake wawili, akapanda Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana na mmoja wao, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe! Kisa kitamu, sikatai. Lakini mimi naona wa sururu ndio walioacha kitu tunachokitumia kila siku, na majina yao sijawahi kuyasikia kwa wauza ngozi za kondoo wanaosimama pale wageni wanapopiga picha za Mlima Longonot.

Siku hizi magari mengi madogo hupita barabara ya juu, ya kwenda Naivasha kupitia Kinungi. Ya mateka imebaki na matatu za Narok na malori mazito. Kona zake zilikatwa kwa ajili ya malori ya wakati wa vita, si ya trela za leo. Trela ndefu ikipinda, mkia wake unaingia upande wako. Nikiiona inapanda, nasimama pembeni kabla ya kona, mguu chini, hadi yote ipite. Wenye haraka wanipigie honi.